Pamba kati ya leya kumi na wawili: kumfuga kuku wa nyama aliyepewa jina

"Daktari, shikamoo. Naishi Bombo, Uganda, nina watoto watatu. Nyuma ya nyumba nafuga leya (kuku wa mayai) 12 wa kahawia, mayai tunakula na mengine nauza. Mwezi ule wa sherehe ya familia tulinunua vifaranga 20 vya broila (kuku wa nyama). Siku ya kuchinja, binti yangu wa miaka minane alimficha mmoja chini ya kitanda, akalia mpaka baba yake akamwachia. Anamwita Pamba kwa sababu ya weupe wake. Sasa Pamba ana wiki 11 na kwenye mizani ya jirani muuza nyama alitoka kilo 4. Anakula chakula cha leya pamoja na wenzake, tena hatoki kwenye chombo, anakula huku amekaa. Manyoya ya kifuani yameisha, ngozi imekuwa nyekundu. Mchana anahema mdomo wazi. Leya wanamdonoa. Jirani anasema broila huchomwa sindano za kuwakuza, wakipita miezi miwili moyo hupasuka na nyama yao inageuka sumu. Mume wangu anataka tumpunguzie chakula, binti anasema huo ni ukatili. Je, anaweza kuishi? Atataga? Atawaambukiza leya wangu magonjwa? Na binti amesisitiza nikuulize: Pamba anajua jina lake?"

Marahaba, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kabla ya mengine niseme kwamba hamkukosea kumwachia mtoto kuku wake. Ila Pamba na leya wako wanafanana mdomo na mabawa tu. Mnamlisha kama leya na kumlaza kama leya, na taabu yake inaanzia hapo. Najua unachoogopa: kwamba asubuhi moja binti atafungua banda amkute amelala chali. Hofu hiyo si ya bure. Kwa hali uliyoieleza, akiendelea hivi hivi sitarajii afike miezi sita. Akibadilishiwa maisha anaweza kuvuka mwaka, na wapo waliotunzwa vizuri wakaishi miaka kadhaa. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi, na nitakueleza sababu.

Nianze na maneno ya jirani. Broila hakuzwi kwa homoni. Homoni ya ukuaji ni protini; ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaisaga kama linavyosaga mukene (dagaa). Ukitaka kuichoma kwa sindano, itabidi umshike kila kuku tena na tena, na mfugaji mwenye kuku elfu tano hana mikono ya kazi hiyo wala faida ya kuilipia. Matone ya machoni na zile dawa za kwenye maji mnazoona wakipewa mara nyingi ni chanjo na vitamini. Linalostahili kumtia mtu wasiwasi ni dawa za kuua bakteria zinazotolewa ovyo, kisha kuku akauzwa kabla ya zile siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kuisha. Hilo lipo, na ni kosa kubwa. Lakini silo lililompa Pamba kilo 4, wala nyama ya kuku haigeuki sumu kwa kuwa ameishi zaidi ya miezi miwili.

Kilichompa kilo hizo ni ukoo wake. Mwaka 1948 Wamarekani walifanya fainali ya mashindano ya nchi nzima ya kumtafuta "kuku wa kesho", mwenye kifua kinene na anayekua upesi. Tangu siku hizo, kizazi baada ya kizazi, wazalishaji wamekuwa wakichagua wazazi kwa sifa hizo hizo. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kiliwahi kufuga pamoja koo tatu za kuku wa nyama, wa mwaka 1957, wa 1978 na wa 2005, na wote wakapewa chakula cha aina moja. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905. Wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Ukisikia tofauti hiyo unaelewa kwa nini watu wanatafuta sindano iliyofichwa mahali fulani. Haipo. Ni miaka ya kuchagua tu.

Sasa, ukichagua kuku anayekua haraka, bila kujua umechagua pia kuku asiyeshiba. Leya akila gramu zake 110 au 120 kwa siku, ubongo unamwambia basi, anaenda zake kuchakura chini ya mgomba. Kwa Pamba neno hilo la "basi" ni hafifu mno. Anakula kwa sababu chakula kipo. Ndiyo maana unamkuta amekaa kwenye chombo: miguu imechoka, hamu haijachoka. Si uvivu wala ulafi wa tabia, na ningependa binti alijue hilo ili asimwonee aibu.

Moyo nao haupasuki, dada. Huchoka. Mapafu ya ndege yamebanwa kwenye mbavu, hayatanuki kama yetu, kwa hiyo nafasi ya damu kupita ni ile ile hata mwili ukiongezeka mara mbili. Nyama nyingi inadai hewa nyingi. Moyo unasukuma damu kwa nguvu zaidi kwenye mapafu yale yale madogo. Chumba cha moyo cha upande wa kulia kinakuwa kinene, halafu kinalegea na vali yake inashindwa kufunga. Damu inarudi nyuma mpaka kwenye ini, na maji yanaanza kuvuja tumboni. Nakumbuka broila mmoja wa miezi minne aliyeletwa kwangu ndani ya boksi la sabuni, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau. Alikufa kabla sijamgusa. Nilipomfungua, tumboni yalimwagika maji ya rangi ya asali yanayojaza kikombe, yenye mabonge kama jeli, na moyo ulikuwa umelegea upande mmoja kama mfuko wa kitambaa uliobebeshwa mizigo miaka mingi. Mwenye kuku alikuwa ameshampa dawa za mafua kwa wiki mbili kwa sababu alikuwa anahema. Bombo hamko juu sana. Mngekuwa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na usiku una baridi, ningekuwa na hofu zaidi.

Miguu ni habari hiyo hiyo kwa namna nyingine. Mfupa wa paja na wa muundi hurefuka haraka kuliko gegedu la ncha zake linavyoweza kukomaa kuwa mfupa. Kifua kizito kinauvuta mwili mbele, kuku anatanua miguu ili asianguke, na nyufa ndogo zinatokea karibu na nyonga. Bakteria wakipenya humo mfupa unaoza ndani kwa ndani. Usidhani kuku hasikii maumivu kwa kuwa halii. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo broila waliwekewa vyakula viwili vya rangi tofauti, kimoja kikiwa na dawa ya maumivu. Waliokuwa wanachechemea walikula zaidi chenye dawa kuliko walivyokila wazima, na kadiri kuku alivyochechemea zaidi ndivyo alivyokichagua zaidi. Kwa hiyo Pamba akikaa muda mrefu, usiseme amestarehe. Yawezekana anajiepusha na uchungu.

Tuje kwenye ugomvi wa nyumbani, baba na binti. Mume wako yuko sahihi katika tendo, na binti yuko sahihi katika hisia. Vifaranga mnavyonunua vina mama zao, nao ni wa ukoo huo huo wa kula bila kushiba. Mashamba ya kuzalisha vifaranga yanawaweka mama hao hai hadi wiki 60 na zaidi, wakitaga. Yanawezaje? Yanawapimia chakula tangu wakiwa wadogo, sehemu tu ya kile ambacho wangekula wakiachiwa. Kuku mama wa wiki 11 hutakiwa awe na kilo moja na kidogo, na hufika karibu kilo 4 akiwa amepita mwaka. Pamba ana kilo 4 leo. Lakini ni kweli pia kwamba kuku anayepimiwa huwa na njaa, hili hata wataalamu wa ustawi wa wanyama wanalilalamikia, na hakuna jibu safi. Ukimwachia ale, mwili unamuua. Ukimpimia, anabaki na hamu. Kazi yenu ni kumjaza tumbo kwa vitu visivyonenepesha na kumpa shughuli, ili hiyo hamu ipate pa kwenda.

Kwanza acheni kumpa chakula cha leya, leo hii. Si kwa ajili ya unene pekee. Chakula cha leya kina madini ya kalsiamu karibu asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu leya anatengeneza ganda la yai karibu kila siku. Kuku asiyetaga anahitaji kama asilimia 1. Kilichozidi kinapita kwenye figo, na kikiendelea kwa wiki nyingi figo zinaharibika polepole bila dalili ya nje. Mnunulieni chakula cha kukuzia, kile cha growers, na mkichanganye na cha zamani kwa siku tano au sita huku mkiongeza kipya. Chakula cha broila msikiguse tena, wala msiwape leya mabaki yake. Mara nyingi huwa kimetiwa dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) ambayo hamtaki ipite kwenye mayai.

Kipimo: kwa uzito wake wa sasa ningeanza na gramu 120 kwa siku, nikashuka kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi kwenye gramu 100 hivi, nusu asubuhi mapema na nusu jioni jua likipoa. Msikate ghafla, ini la kuku mnene halipendi mshtuko. Nendeni dukani na kikombe chenu cha plastiki, mwombeni muuzaji apime gramu 50 ndani yake, mchore mstari kwa kalamu ya wino mzito. Mstari huo ndio daktari wenu wa kila siku. Kisha mpimeni Pamba kila Ijumaa asubuhi kabla hajala, ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye mizani, na binti aandike kwenye daftari. Mnachotafuta ni kilo zisimame, au zishuke gramu chache kwa wiki hadi karibu 3.5. Zikipanda, ondoeni gramu 10. Zikishuka zaidi ya gramu 100 kwa wiki, rudisheni. Pia mguseni mfupa wa kifua: mnapaswa kuuhisi chini ya nyama bila kuuona umechongoka.

Mboga za majani mpeni bila kupima. Dodo (mchicha), majani ya kabichi, sukuma wiki, yafungwe kwa kamba na kuning'inizwa usawa wa kichwa chake ili ajinyooshe na kusimama. Posho (ugali) iliyobaki, wali, mkate na mahindi, hapana, hata kidogo, hata mtoto akiombwa kwa macho. Nusu ya kipimo cha jioni itawanywe kwenye majani makavu aitafute. Dakika ishirini za kuchakura zinamfaa kuliko chombo kilichojaa.

Utauliza nitampimiaje na leya wanakula kutwa? Hili lina ufumbuzi mzuri, unaotokana na uzito wake mwenyewe. Leya wako anaruka, Pamba hawezi. Jengeni kichanja imara cha mbao, nusu mita au zaidi kidogo kutoka chini, na chombo cha leya kikae juu yake. Leya watapanda kula na kushuka. Pamba atatazama tu. Wekeni kingo kuzunguka kichanja ili chakula kisimwagike chini, maana kitakachomwagika atakifuata. Wakati wa kumlisha yeye, mtoeni au mfungieni kona yake kwa dakika chache, la sivyo leya watamaliza kabla hajafika. Na maji yakae upande wa pili wa uwanja, mbali na anapolala. Kila akitaka kunywa, atembee. Isipokuwa saa za jua kali: hapo ongezeni chombo cha pili kivulini.

Kuhema mchana kunaweza kuwa joto tu, maana kuku hatoki jasho. Hutoa joto kwa mdomo, na mwili wa kilo 4 unazalisha joto kuliko wa kilo 2. Mpeni kivuli cha kweli, mchanga uliolowanishwa kidogo wa kulalia, na asiwe na chakula tumboni kati ya saa nne na saa kumi, kwa sababu kumeng'enya kwenyewe ni joto. Miezi ya Desemba hadi Februari muwe macho zaidi. Lakini anayehema alfajiri, au jioni yenye upepo, huyo si joto. Nitarudi hapo.

Kifua chake kimekuwa chekundu kwa sababu anakilalia, na anakilalia mahali penye unyevu. Mbolea mbichi hutoa amonia inayochoma ngozi. Ondoeni matandiko yote, wekeni maganda ya kahawa makavu au maranda, unene wa kiganja cha mkono, na mbadilishe palipolowa kila siku. Asipewe vijiti vya kulalia. Akiruka kutoka juu hata nusu mita anaumiza nyayo na magoti. Binti amshike mara mbili kwa wiki, mikono miwili, mmoja chini ya kifua, wamtazame nyayo. Doa jeusi gumu katikati ya wayo ni jipu linaloanza. Tazameni pia nyuma: kuku mzito hafikii kujisafisha, kinyesi kinagandamana, inzi wanatagia hapo, na funza wanaweza kumla akiwa hai. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, akaushwe kabisa kabla ya jua kuzama.

Kudonolewa hakutaisha kwenyewe. Kuku wana daraja zao, na mgeni mweupe, mzito, asiyeweza kukimbia, mwenye ngozi nyekundu wazi, hana nafasi kati ya kumi na wawili. Damu ikionekana wanaweza kumchimba mpaka afe. Mtengeni kwa waya, aone wenzake na waone, ngozi ipone. Baada ya hapo msimrudishe kwa wote. Chagueni leya wawili wapole, wale wanaokula mwisho, wakae naye upande wake. Asiishi peke yake moja kwa moja. Kuku aliyetengwa hunyong'onyea. Na mtazameni vizuri kama kweli ni jike. Jogoo wa umri huo ana upanga mwekundu mkubwa na miguu minene, na manyoya ya mgongoni karibu na mkia yamechongoka. Akiwa jogoo wa kilo 4 au 5, akianza kuwapanda leya wa kilo 2 atawachana mgongo, na hapo hakai nao kamwe.

Kuhusu magonjwa, umegeuza hatari. Leya wako wana nafasi kubwa ya kumwumiza yeye kuliko yeye kuwaumiza. Leya huchanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek wakiwa wa siku moja kiwandani. Broila mara nyingi hawachanjwi, kwa kuwa huchinjwa kabla ugonjwa haujajitokeza. Na chanjo hiyo inamzuia leya asiugue, haimzuii kubeba kirusi na kukimwaga kwa vumbi la manyoya yake. Pamba sasa yuko kwenye umri ambao Marek hujionyesha: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, bawa linaning'inia. Akipooza namna hiyo msiseme "ni uzito tu". Kideri, au Newcastle, ni hatari kwa wote, na chanjo aliyopata akiwa kifaranga imeshafifia. Chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu, yeye na leya siku moja. Mwulizeni daktari na ile ya ndui inayochomwa kwenye ngozi ya bawa.

Mayai, ndiyo, akiwa jike anaweza kutaga kuanzia karibu miezi sita. Atataga machache kuliko leya. Akiwa mnene, viini viwili huweza kukomaa kwa pamoja, hivyo mayai mengine huwa na viini viwili, mengine laini, na yai kubwa linaweza kumkwama. Akianza kutaga, mpeni maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa kwenye kibakuli pembeni, yale yanayouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vyakula vya kuku, badala ya kumrudisha kwenye chakula cha leya. Ila msimfuge kwa ajili ya mayai. Kumi na wawili wanatosha.

Sasa nikuweke wazi. Kazi niliyoieleza ni ya kila siku, na mtoto wa miaka minane hawezi kuibeba peke yake. Mkiona hamtaiweza, kumchinja sasa hivi angali anatembea, bila dawa mwilini, ni huruma kuliko kumwacha aoze miguu kwenye chombo cha chakula. Kumpa mtu mwingine si suluhisho mpaka uwe na hakika atapimiwa. Mkiamua abaki, nami nafikiri inafaa mjaribu, mwambieni binti ukweli leo, kwa maneno yake: Pamba alizaliwa na mwili mzito kuliko moyo wake, tutamsaidia, na siku moja msaada utaisha. Akiambiwa mapema atalia kidogo sasa. Akifichwa, atadhani alimuua yeye kwa kumnyima chakula.

Mwiteni daktari wa mifugo wa gombolola (tarafa) siku hiyo hiyo mkiona upanga umekuwa wa zambarau, tumbo limejaa na kucheza kama mfuko wa maji, anahema wakati wa baridi, hawezi kusimama kwa zaidi ya nusu siku, mguu umepooza, kuna funza, au amekaa kwenye kiota kutwa anasukuma bila yai. Jeraha la mguu likipatikana mapema hutibika, na zipo dawa za maumivu ambazo daktari anaweza kumpimia. Msimpe za binadamu zilizomo nyumbani. Diklofenaki, kwa mfano, ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa Bara Hindi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo, iliwaua figo. Msinunue pia dawa ya bakteria kwa kubahatisha. Haitibu uzito, na mayai ya kuku aliyepewa hayaliwi mpaka siku za kwenye kibandiko zipite. Akifa ghafla, au leya wakianza kufa, msimle wala msimtupe. Mzoga ufungwe kwenye mifuko miwili, upozwe, upelekwe kufunguliwa kwenye chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere au maabara ya serikali ya Entebbe, ili mjue kama leya wako salama. Na ikifika siku hasimami, hataki kula, macho yamefumba, msingoje afe mwenyewe. Daktari atamaliza kwa dakika moja.

Binti ameuliza kama Pamba anajua jina lake. Kuku huweza kutambua watu waliowazoea na hujifunza haraka sauti inayofuatwa na chakula, kwa hiyo mpeni jina hilo kazi. Asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza, binti asimame upande wa pili wa uwanja, hatua kumi mwanzoni, aite "Pamba" mara moja tu, halafu anyamaze asubiri. Asimfuate wala kumbeba. Pamba akifika ndipo apewe. Wiki ya pili aongeze hatua tano. Kama siku moja ataitwa, akanyanyua kichwa, akataka kuja na miguu ikakataa, hilo nalo liandikwe kwenye daftari la Ijumaa, na mnipigie.